Kabla Hajawa Kibudu: Mafua Makali ya Ndege na Mlaji wa Pwani ya Tanga

Kila mwaka, upepo wa kusi unapoanza kulegea kati ya Agosti na Septemba, fukwe za Tanga hupokea wageni. Sululu, vitwitwi na ndege wengine wa majini, waliokwisha kutaga na kulea makinda yao Ulaya ya Kaskazini na Siberia, hushuka kwenye matope ya mikoko, kwenye mabwawa ya chumvi ya Kibo kaskazini mwa Jiji la Tanga, kwenye mlango wa mto Pangani na upande wa Saadani. Hukaa nasi msimu wote wa kaskazi, kisha Machi na Aprili huanza safari ya kurudi. Wavuvi na wavuna chumvi wa mwambao huu wamewazoea tangu zama za mababu, wala hapakuwa na sababu ya kuwaogopa.

Katika miaka ya karibuni ndege hao wamekuwa wakitajwa pamoja na ugonjwa wa mafua makali ya ndege, na kila habari inapotangazwa redioni kwamba kuku wamekufa katika nchi fulani, walaji hutuuliza maswali yale yale. Je, tuache kula kuku? Je, ndege wa baharini wafukuzwe? Na swali la tatu, ambalo huulizwa kwa sauti ya chini kidogo: kuku aliyeanza kusinzia, akichinjwa mapema, anafaa kuliwa? Maswali mawili ya kwanza yana majibu mepesi. La tatu ndilo lenye uzito, na ndilo hasa lililotufanya tuandike sura hii ya kijitabu.

Ugonjwa wenyewe

Mafua ya ndege husababishwa na virusi vya jamii moja na vile vinavyoleta mafua kwa binadamu. Makao yake ya asili ni ndege wa majini, hasa bata mwitu na jamaa zao. Ndani ya utumbo wa bata, virusi hivi mara nyingi huishi bila kumdhuru mwenyeji wake. Bata huogelea, hula na huruka kama kawaida, huku kinyesi chake kikitia virusi katika maji ya bwawa. Majina kama H5N1 na H5N8, yanayosikika katika taarifa za habari, hutokana na protini mbili zilizo juu ya ngozi ya kirusi. Mlaji hana haja ya kuyakariri. Inatosha kujua kuwa zipo aina hafifu, ambazo humfanya kuku apunguze kutaga tu, na zipo aina kali, ambazo zikiingia bandani huweza kuua karibu kuku wote kwa muda wa siku chache.

Kuku aliyepatwa na aina kali huzubaa, huvimba kichwa na macho, upanga wake na ndevu zake hugeuka rangi ya zambarau au bluu, hutokwa na makamasi, huharisha, na mayai yake hutoka na ganda laini au bila ganda kabisa. Wakati mwingine hakuna dalili yoyote: jioni kuku wanapanda kulala wakiwa wazima, asubuhi wamelala chini wamekufa. Bata wa kufugwa huweza kubeba virusi hivyo hivyo wakaonekana wazima, na hii ndiyo sababu wataalamu wa mifugo hawapendi kuona bata na kuku wakilala banda moja na kunywa katika chombo kimoja, jambo lililo la kawaida sana katika nyua zetu.

Tuseme pia ukweli ambao mfugaji yeyote wa Muheza au Mkinga angetukumbusha tusipousema. Kuku wengi wanaokufa kwa mkupuo vijijini kwetu hufa kwa kideri, ambacho wengine hukiita mdondo. Dalili za kideri na za mafua makali zinafanana mno, kiasi kwamba hata daktari wa mifugo hawezi kuzitenganisha kwa macho. Ni maabara tu inayoweza. Kufanana huku ni hatari kwa namna ya pekee. Mtu aliyezoea kuona kideri kila mwaka, akawa amekula kuku wake wa kideri bila kudhurika, atauona ugonjwa mpya kwa macho ya zamani.

Ulivyozunguka dunia

Aina ya H5N1 inayosumbua dunia leo ilitambuliwa mara ya kwanza mwaka 1996, kwa mabata bukini wa mkoa wa Guangdong, kusini mwa China. Mwaka uliofuata ilionekana Hong Kong, na kwa mara ya kwanza ikaua binadamu: watu 18 waliugua na 6 kati yao wakafariki. Serikali ya Hong Kong iliwaua kuku wote wa mji ule, zaidi ya milioni moja, na kwa muda ugonjwa ukanyamaza.

Mwaka 2005 maelfu ya ndege wa porini walikufa katika ziwa Qinghai, ndani kabisa ya China, mahali ambapo ndege wahamaji wa njia mbalimbali hukutana. Baada ya hapo virusi vilionekana Urusi, Uturuki na Ulaya, na mwezi Februari 2006 vikathibitishwa Afrika kwa mara ya kwanza, katika shamba la kuku la jimbo la Kaduna, Nigeria. Misri, Niger, Kamerun, Sudan na Jibuti zilifuata ndani ya miezi michache, na huko Jibuti mtoto mdogo aliugua.

Afrika Mashariki ilipata zamu yake Januari 2017. Katika ghuba ya Lutembe, kando ya ziwa Viktoria karibu na Entebbe, wavuvi waliona ndege wahamaji wakiwa wamekufa kwa wingi majini. Vipimo vilionyesha H5N8. Muda si mrefu ugonjwa huo ukathibitishwa pia kwa kuku na bata wa kufugwa wa wilaya ya Masaka. Kenya ilifunga mara moja mlango kwa kuku na mayai kutoka Uganda. Tungependa msomaji alitazame tukio hilo kwa makini, kwa sababu walioliona kwanza walikuwa wavuvi, watu kama wale wa Moa, Kwale na Kipumbwi, waliotoa taarifa ya kitu kisicho cha kawaida badala ya kukipitia kando.

Kuanzia mwaka 2020 ukoo mpya wa H5N1 umeenea kuliko wote uliotangulia. Januari 2021 uliua mwari wapatao 750 katika hifadhi ya Djoudj nchini Senegal. Mwishoni mwa mwaka huo ulivuka bahari hadi Amerika ya Kaskazini, ukateremka hadi Peru na Chile ambako uliua ndege wa baharini na maelfu ya simba-bahari, na Februari 2024 ukathibitishwa katika bara la Antaktika. Mwezi Machi mwaka huo huo Marekani iligundua virusi hivyo kwa ng'ombe wa maziwa, jambo ambalo wataalamu wengi hawakulitarajia. Mayai yaliadimika nchini humo hata bei ya wastani ya dazeni moja ikapita dola 6 mwezi Machi 2025.

Jirani zaidi na sisi, mwaka 2023 Afrika Kusini ilipoteza mamilioni ya kuku wa mayai, baadhi ya maduka yakaweka kikomo cha trei ambazo mteja mmoja anaweza kununua, na mwaka huo huo Msumbiji, jirani yetu wa kusini, ikaripoti mafua makali ya ndege katika shamba la kuku wa mayai. Kwa hiyo ugonjwa huu umekwisha kuonekana kaskazini magharibi mwetu na kusini mwetu. Haufai tena kuhesabiwa kuwa habari ya Wachina.

Mabawa na matenga

Kwa kuwa virusi husafiri na ndege wa porini, wapo wanaopendekeza ndege hao wafukuzwe au wauawe, na mikoko wanakotua ikatwe. Pendekezo hilo halina faida. Ndege waliotishwa hutawanyika na kupeleka walichobeba mahali pengi zaidi, na mikoko ikikatwa, watatua kwenye mashamba ya mpunga na kwenye madimbwi ya mifugo, karibu zaidi na kuku wetu. Zaidi ya hayo, sululu haingii jikoni kwa mtu. Ili virusi vitoke kwenye tope la Kibo vifike kwenye sufuria ya mlaji wa Ngamiani, ni lazima pawepo kiungo kati yao, na mara nyingi kiungo hicho ni sisi wenyewe: bata wa nyumbani anayeachwa kushinda ufukweni, kiatu kilichokanyaga kinyesi cha bwawani kikaingia bandani, mtoto aliyeokota ndege aliyekufa, na zaidi ya vyote, biashara.

Kuku wa kienyeji ni msafiri mkubwa. Hununuliwa mmoja mmoja vijijini Handeni na Kilindi, hukusanywa katika matenga, hupakiwa juu ya basi au nyuma ya pikipiki, hukutanishwa na kuku wa vijiji vingine Segera au Korogwe, na jioni hushushwa katika masoko ya Jiji la Tanga, kama vile Mgandini na Makorora. Ndani ya tenga moja wamo kuku wa kaya kumi zisizojuana. Wasiouzwa leo huchanganywa na watakaoletwa kesho, na tenga lenyewe, lililojaa kinyesi, hurudi kijijini bila kuoshwa. Mwingine hununuliwa akiwa hai kwa ajili ya mgeni, au hutolewa zawadi, akavuka maji kwa mashua kwenda Pemba. Haya yote ni mambo mema, na hatuna nia ya kuyakataza. Tunasema tu kwamba katika nchi nyingi ugonjwa ulipokwisha kuingia, uliendelea kuenea zaidi kwa matenga, trei za mayai na magari kuliko kwa mabawa.

Hapo ndipo inapoingia habari ya vifaranga. Tangu ugonjwa ulipoingia Afrika katika muongo wa 2000, Tanzania imezuia kuingiza kuku na vifaranga kutoka nje bila kibali. Mwezi Oktoba 2017 vifaranga 6,400 waliokamatwa Namanga wakitokea Kenya waliteketezwa kwa moto, na Februari 2018 wengine wapatao 5,000 wakateketezwa hapo hapo. Serikali ilieleza kuwa ni hatua ya kuzuia mafua ya ndege yasiingie nchini. Picha za tukio lile ziliwaumiza watu wengi wa pande zote mbili za mpaka, nasi hatuwezi kusema kuwa huzuni yao haikuwa na msingi. Moto ule ungeepukika kama vifaranga wasingevushwa. Mkoa wa Tanga nao una mpaka wake, Horohoro wilayani Mkinga, na una njia za panya pembeni mwake. Anayenunua boksi la vifaranga kwa bei ya chini mno, asielezwe walikototolewa, ananunua pia kila kilichopanda nao boksini.

Kisu na kibudu

Sasa turudi kwenye swali la tatu.

Wengi wetu tuliolelewa pwani tunakumbuka jambo hili bila kuhadithiwa. Asubuhi kuku mmoja anaonekana amejikunyata pembeni, mabawa yameshuka, macho yanafumba na kufumbua. Mama anamtazama, kisha anaita: "Mwiteni babu aje achinje, asije akawa kibudu." Maana kuku akifa mwenyewe ni kibudu, na kibudu haliwi. Kuku akichinjwa angali hai, kwa kisu kikali na kwa jina la Mwenyezi Mungu, nyama yake imeokolewa. Mchana watu wanakula wali na mchuzi wa kuku katika siku isiyokuwa ya sikukuu, na watoto wanafurahi bila kuuliza sababu.

Hatuandiki haya kwa dharau. Kaya yenye kuku kumi inawategemea kwa daftari za shule, kwa nauli ya hospitali, kwa mgeni anayefika bila taarifa. Kuku akifa bure ni akiba iliyopotea, na mara nyingi mwenye akiba hiyo ni mwanamke ambaye hana akiba nyingine. Kuwahi kumchinja kabla hajafa ni busara ya watu wasiopenda kupoteza riziki, nayo ilitumika vizazi na vizazi dhidi ya kideri, ugonjwa ambao kwa binadamu huishia kwa kawaida kwenye macho mekundu ya siku mbili tatu.

Lakini kwa mafua makali ya ndege busara hiyo hugeuka kuwa mtego. Kisu huondoa ukibudu, hakiondoi ugonjwa. Suala la halali na haramu tunawaachia masheikh, ambao ndio wenye elimu yake. La kwetu ni usalama wa chakula, na katika hilo tunasema wazi: kuku mgonjwa asichinjwe kwa ajili ya kuliwa, hata kama yungali hai, hata kama ni mmoja tu.

Sababu yake haiko hasa kwenye kula. Iko kwenye kuchinja. Kuku mgonjwa anapokatwa hupiga mabawa, na damu yake, makamasi yake na kinyesi chake huruka hewani kwa matone madogo ambayo macho hayayaoni. Kisha huchovywa katika maji ya moto na kunyonyolewa, na aliyeinama juu ya beseni huvuta mvuke pamoja na vilivyomo. Kisha hupasuliwa na kutolewa matumbo kwa mikono mitupu. Katika kaya nyingi zetu kazi hizi mbili za mwisho hufanywa na wanawake na mabinti, wakati mwingine na mtoto mchanga akiwa mgongoni. Uchunguzi wa wagonjwa katika nchi mbalimbali umeonyesha mara kwa mara kuwa walioambukizwa walikuwa wameshika, wamechinja au wamenyonyoa kuku wagonjwa au waliokufa. Aliyeketi mezani akala nyama iliyoiva vizuri yuko katika hatari ndogo sana kuliko aliyeiandaa.

Tangu mwaka 2003 Shirika la Afya Duniani limeorodhesha zaidi ya watu 900 walioambukizwa H5N1 duniani, na karibu nusu yao wamefariki. Idadi hiyo ni ndogo ukiilinganisha na malaria au hata na ajali za pikipiki, na virusi hivi bado haviambukizi kwa urahisi kutoka mtu kwa mtu. Hata hivyo ugonjwa unaoua karibu mmoja kati ya wawili wanaothibitishwa kuwa nao si wa kujaribiwa kwa sababu ya kitoweo cha siku moja.

Upo pia upande wa sokoni. Kuku wanapoanza kufa bandani, mfugaji hushawishika kuwauza upesi waliobaki, kwa bei yoyote. Tunaielewa hofu yake: akitoa taarifa, huenda banda zima likateketezwa. Lakini kuku wale wa bei ya kutupa huenda moja kwa moja kwa mlaji mwenye fedha kidogo, kwa mama lishe anayetafuta nafuu, kwa mwenye shughuli anayehitaji kuku thelathini kufikia Jumamosi. Bei iliyoporomoka ghafla bila sababu, wakati si msimu wa kuku kuwa wengi, ni dalili kama zilivyo dalili nyingine. Muuzaji aulizwe kuku wametoka wapi, na asiye na jibu aachwe na kuku wake.

Kuku mzima ni salama

Baada ya kusema hayo yote, tusieleweke vibaya. Mlaji hana sababu ya kuacha kula kuku wala mayai. Mwaka 2005 na 2006, habari za mafua ya ndege zilipotanda, bei ya kuku iliporomoka nchini Kenya ingawa ugonjwa haukuwa umethibitishwa huko, na walioumia walikuwa wafugaji wadogo ambao kuku wao hawakuwa na kasoro. Uvumi nao hufilisi watu.

Virusi hivi haviwezi kustahimili moto. Nyama ikifikia nyuzijoto 70 katika kila sehemu yake, hadi ndani ya mfupa wa paja, virusi hufa. Hakuna haja ya kipimajoto: nyama isibaki na rangi ya waridi, na maji yanayotoka yawe meupe bila wekundu wa damu. Kuku wa kuchoma wa barabarani, aliyekolea nje akabaki mbichi kwenye kiungo cha paja, arudishwe motoni bila kumwonea haya mchomaji. Yai nalo liive, kiini na ute vishikane. Tunajua chipsi mayai za jioni hupendwa zikiwa na yai linalotiririka kidogo, na tunajua wapo wanaokunywa mayai mabichi kwa maziwa au kwa soda wakiamini yanaongeza nguvu. Nguvu hizo yai lililochemshwa linazo pia.

Kosa tunaloliona mara nyingi zaidi jikoni ni la kibao na kisu. Kuku mbichi hukatwa juu ya kibao, kisha kibao hicho hicho hupanguswa kwa kitambaa na kukatiwa nyanya na vitunguu vya kachumbari, ambavyo havitapita motoni. Sabuni ya kawaida na maji yanatosha kukiosha, kwa kuwa kirusi hiki kimefunikwa na utando wa mafuta ambao sabuni huupasua. Ni kwa sababu hiyo hiyo kunawa mikono kwa sabuni baada ya kumshika kuku, hai au aliyechinjwa, kuna maana kubwa kuliko watu wanavyodhani. Maji matupu hayafanyi kazi hiyo.

Manyoya, matumbo na maji ya kunyonyolea visitupwe jalalani ambako paka, mbwa na kuku wengine watavichakura. Vichimbiwe shimo na kufukiwa. Mbolea ya kuku inayonunuliwa kwa ajili ya bustani za mchicha irundikwe na kufunikwa kwa wiki kadhaa ioze na kupata joto lake yenyewe kabla ya kumwagwa, na isikaribiane na kuku wa nyumbani. Virusi hudumu zaidi mahali penye ubaridi, kivuli na unyevu. Jua la Tanga linatusaidia, lakini halifiki ndani ya rundo la kinyesi wala chini ya banda.

Kwa anayefuga, hata kuku watano, chanjo ya kideri ni msaada wa namna mbili. Chanjo ya I-2, inayotolewa kwa tone la jicho kila baada ya miezi mitatu, na ambayo Wakala ya Maabara ya Veterinari Tanzania huitengeneza kwa jina la TEMEVAC, huwakinga kuku na kideri. Haiwakingi na mafua makali. Lakini kuku waliochanjwa ipasavyo wakianza kufa kwa mkupuo, mfugaji na mtaalamu wote wawili wanajua kuwa hapa pana jambo jingine, na muda wa kubahatisha unakuwa umeokolewa.

Ukikuta vifo

Kuku wakifa wengi kwa siku moja au mbili, au ndege wa porini wakikutwa wamekufa kundi zima ufukweni, bwawani au kwenye mabwawa ya chumvi, wasiguswe kwa mikono mitupu, wasiliwe, wasitupwe baharini, na wasipewe mbwa. Watoto wakae mbali. Taarifa ipelekwe siku hiyo hiyo kwa afisa mifugo wa kata au kijiji, au kwa mwenyekiti wa mtaa atakayempigia daktari wa mifugo wa wilaya. Sheria ya Magonjwa ya Mifugo Na. 17 ya mwaka 2003 imeweka wajibu wa kutoa taarifa, na Tanga ina bahati kwamba Wakala ya Maabara ya Veterinari ina kituo chake hapa hapa jijini.

Atakayepokea taarifa atataka kujua mambo machache: ni ndege wa aina gani, wangapi wamekufa na wangapi wamebaki, vifo vilianza siku gani, mara ya mwisho kuku walichanjwa lini, na kama katika wiki mbili zilizopita aliingizwa kuku mgeni au aliuzwa yeyote kutoka katika banda hilo. Swali hilo la mwisho lijibiwe kwa ukweli, hata kama kuku mmoja aliuzwa jana yake kwa jirani. Wakati mtaalamu anasubiriwa, kuku waliobaki wafungiwe, na tenga lisitoke nyumbani.

Na mtu aliyeshika au kunyonyoa kuku wa namna hiyo, kisha ndani ya siku kumi akapata homa, kikohozi, macho mekundu au kubanwa pumzi, aende kituo cha afya na amweleze mganga habari ya kuku kabla hajaulizwa, kwa sababu homa nyingi za pwani hudhaniwa kwanza kuwa malaria. Asiyeweza kufika apige namba 199 ya Wizara ya Afya.